Pikipiki ya bodaboda: Je, injini kubwa inahitajika kweli?

Kijana anayepanga kununua pikipiki ya bodaboda Kitui au Makueni hupata ushauri mwingi kabla hajafika dukani. Steji nzima humwambia achukue ya cc 150. Ya cc 100, huambiwa, ni ya kwendea kanisani: haipandi mlima, haibebi maji, na abiria hawataitaka. Wapo hata wanaomwambia avumilie hadi apate pesa za pikipiki kubwa kuliko hiyo. Kijana husikiliza, huongeza mkopo, kisha hulipa kila siku kwa miezi mingi.

Uamuzi huo unagusa watu wengi kuliko mnunuzi peke yake. Bodaboda ndiyo inayomfikisha mama mjamzito kwenye zahanati, mtoto shuleni, ndengu sokoni na mitungi ya maji nyumbani. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 mraba, na Makueni ina zaidi ya kilomita 8,000 mraba. Vijiji vingi viko mbali na barabara ya matatu, na huko pikipiki ndiyo gari la umma. Pesa ikipotea kwenye mafuta, au mtu akiumia barabarani, hasara inafika katika kila boma.

Makala haya yanaeleza injini inafanya kazi gani hasa, nguvu kiasi gani inahitajika katika barabara zetu, na ni wakati gani injini kubwa ina faida. Kwa ufupi, kwa safari nyingi za kila siku, injini ya cc 100 hadi 125 inatosha. Cc 150 ina kazi yake milimani na kwenye mizigo. Zaidi ya hapo, mnunuzi kwa kawaida analipia mwendo, na mwendo ndio usiotakiwa kuongezwa.

Cc ni kitu gani

Herufi cc husimamia sentimita za ujazo. Ni kipimo cha nafasi ambayo pistoni hupita ndani ya silinda ikipanda na kushuka. Chupa ndogo ya soda ina mililita 300, na mililita moja ni sawa na cc moja. Kwa hivyo injini ya cc 150 ina nafasi ya nusu ya chupa hiyo ya soda, na ya cc 100 ina nafasi ya thuluthi moja.

Nafasi ikiwa kubwa, hewa na petroli nyingi zaidi huingia na kuungua kwa kila mzunguko, na nguvu huongezeka. Injini za bodaboda za cc 100 hutoa nguvu za farasi 7 hadi 8. Za cc 125 hutoa kama 10, na za cc 150 hutoa kama 12. Nguvu hizo zote hupatikana tu injini ikizunguka kwa kasi sana, maelfu ya mizunguko kwa dakika, wakati mwendeshaji amefungua mafuta hadi mwisho. Katika safari za kawaida, sehemu kubwa ya nguvu hiyo haiguswi.

Namba ya cc basi haisemi pikipiki itabeba kilo ngapi, wala haisemi itasimama kwa umbali gani. Inasema tu ukubwa wa chumba cha moto.

Jinsi cc 150 ilivyokuwa kipimo cha steji

Bodaboda ilianza katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba watu na bidhaa kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Wakati huo injini ilikuwa miguu ya mwendeshaji. Pikipiki zilienea kote nchini baada ya serikali ya kitaifa kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250 mwaka 2008. Bei zilishuka, pikipiki za kutoka India na China zikajaa madukani, na kazi ya bodaboda ikafika kila soko, kutoka Mwingi hadi Mtito Andei.

Pikipiki nyingi zilizoingia zilikuwa za cc 100, 125 na 150. Kadiri waendeshaji walivyoongezeka, ndivyo ushindani ulivyokua, na cc 150 ikawa alama ya mtu aliyejipanga. Abiria naye akazoea kuchagua pikipiki inayoonekana kubwa.

Hata hivyo, kazi nzito imefanywa kwa injini ndogo kwa muda mrefu duniani. Honda Super Cub ilianza kuuzwa Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 49 tu. Kufikia mwaka 2017, zaidi ya pikipiki milioni 100 za aina hiyo zilikuwa zimetengenezwa, na zimebeba barua, mboga na familia nzima katika nchi nyingi za Asia. Huko India, Hero Splendor, mojawapo ya pikipiki zinazouzwa zaidi, ina injini ya cc 97. Barani Afrika, maafisa wengi wa kilimo na wafanyakazi wa mashirika wamezunguka vijijini kwa Yamaha AG100, ambayo injini yake pia haifiki cc 100.

Nguvu kiasi gani inahitajika barabarani

Pikipiki inaposonga hupambana na mambo matatu: msuguano wa matairi na ardhi, upepo unaoipiga kifuani, na mlima. Kila moja linaweza kukadiriwa kwa hesabu ya kawaida.

Tuchukue pikipiki ya kilo 115, mwendeshaji wa kilo 70 na abiria wa kilo 70. Jumla ni kilo 255. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hiyo inahitaji nguvu za farasi kama 3 tu. Hiyo haifiki nusu ya nguvu za injini ya cc 100.

Mwendo ukipanda hadi kilomita 80 kwa saa, mahitaji yanapanda hadi nguvu za farasi kama 9. Mwendo haujaongezeka hata mara mbili, lakini nguvu inayotakiwa imeongezeka mara tatu. Sababu ni upepo. Ukizidisha mwendo mara mbili, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Hapa ndipo injini kubwa inapotumika hasa, yaani kupigana na upepo kwa ajili ya mwendo.

Sasa tuipeleke pikipiki hiyo hiyo mlimani, kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10. Kwa kilomita 30 kwa saa, ikiwa na abiria mmoja, inahitaji nguvu za farasi 4 na kidogo. Ikibeba mitungi sita ya maji ya lita 20, yaani kilo 120, badala ya abiria, inahitaji kama 5. Injini ya cc 100 bado ina uwezo huo, mradi mwendeshaji achague gia ya chini na akubali kwenda polepole.

Ndiyo kusema, kati ya mzigo na mwendo, kinachomaliza nguvu za injini haraka zaidi ni mwendo. Mwendeshaji anayesema injini yake haitoshi mara nyingi huwa na maana kwamba haitoshi kwa mwendo anaoutaka.

Milima ya Mbooni ni habari nyingine

Hesabu hizo zinahitaji kurekebishwa kwa wakazi wa sehemu za juu. Injini hutumia hewa, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kwenye kimo cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, injini yenye kabureta hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Milima ya Mbooni na Kilungu ina sehemu zinazopita kimo hicho. Injini ya cc 100 yenye nguvu za farasi 8 ufukweni Mombasa huwa na chini ya 7 ikifika huko, mahali ambapo mwinuko nao ni mkali.

Kibwezi na Makindu ziko chini zaidi, na barabara nyingi za huko ni tambarare. Pikipiki ile ile inayohangaika ikipanda Mbooni inaweza kufanya kazi Kibwezi bila taabu yoyote. Vivyo hivyo Kitui: eneo la Ikutha na Mutomo si sawa na vilima vya Mutitu. Ndiyo maana ushauri wa steji moja haufai kupelekwa kwenye steji nyingine bila kufikiria.

Kuna jambo la pili kuhusu milima. Injini hizi hupozwa na upepo unaopita juu ya mapezi ya silinda. Pikipiki inapopanda polepole na mzigo mzito, moto huwa mwingi na upepo huwa mdogo. Injini ndogo inayofunguliwa mafuta hadi mwisho kila siku, kwenye jua la Kitui, hupata joto sana, hula oili na huchakaa mapema. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupandisha mizigo milimani ana sababu nzuri ya kuchukua cc 125 au 150. Injini yake itafanya kazi hiyo bila kukamuliwa.

Gia na sproketi hupandisha mlima

Kabla ya kuuza pikipiki ndogo na kukopa kwa ajili ya kubwa, mwendeshaji anafaa kumuuliza fundi kuhusu sproketi. Sproketi ni zile gurudumu mbili zenye meno ambazo mnyororo huzungukia, moja ndogo mbele na moja kubwa nyuma. Uhusiano wa meno yake ndio unaoamua nguvu ya injini itumike kwa mwendo au kwa kuvuta.

Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gurudumu la nyuma huzunguka mara moja kila sproketi ya mbele inapozunguka mara tatu. Ya nyuma ikibadilishwa na kuwekwa ya meno 45, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu huongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia, na mwendo wa juu hupungua kwa kiasi kama hicho hicho. Gharama ni ya sproketi na labda mnyororo, si ya pikipiki nyingine. Kwa mtu anayebeba maji kutoka mtoni au mchanga kutoka bondeni, mabadiliko hayo yanaweza kumfaa kuliko cc 25 za ziada.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Honda ilikuwa ikiuza pikipiki ya mashambani na milimani iitwayo CT90, yenye injini isiyofika cc 90. Ilipewa gia ya ziada ya kupunguza mwendo, na kwa gia hiyo ilipanda miinuko mikali ikiwa na mzigo. Wahandisi waliifanyia kazi gia badala ya kuongeza injini.

Mabadiliko ya sproketi yafanywe na fundi anayeijua pikipiki hiyo, kwa vipuri vya ukubwa unaokubaliana na mnyororo. Mnyororo ulegee kwa kiasi kinachotakiwa na upakwe oili. Mnyororo mkavu na uliochakaa hula nguvu za injini kabla hazijafika kwenye gurudumu.

Mchanga wa mito

Wakazi wengi hupita kwenye mito ya mchanga kama Tiva na Thua wakati wa kiangazi. Hapo injini kubwa haisaidii sana. Kinachosaidia ni matairi yenye meno mazuri, gia ya chini, mkono usiofungua mafuta kwa pupa, na pikipiki nyepesi ambayo mtu mmoja anaweza kuisukuma ikizama. Pikipiki ya cc 150 kwa kawaida huwa nzito kuliko ya cc 100 kwa kilo kama 10. Kilo hizo huonekana chache dukani, lakini katikati ya mto wa mchanga saa saba mchana huhesabiwa moja moja.

Mvua ikinyesha na mto ukijaa, hakuna cc itakayovusha pikipiki. Maji yanayokimbia hufagia pikipiki ya ukubwa wowote pamoja na aliye juu yake. Subiri maji yashuke au zunguka kwenye daraja.

Breki haziongezeki pamoja na injini

Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi. Pikipiki nyingi za bodaboda, za cc 100 na za cc 150, hutumia breki za ngoma zinazokaribiana sana kwa ukubwa. Mnunuzi wa cc 150 amepata nusu ya nguvu zaidi ya kukimbia, lakini mara nyingi hajapata nusu ya nguvu zaidi ya kusimama.

Nguvu inayopaswa kuzimwa na breki hukua haraka kuliko mwendo. Pikipiki inayokwenda kilomita 70 kwa saa ina nguvu ya mwendo karibu mara mbili ya inayokwenda 50. Kwenye lami kavu, ikiwa breki ni nzuri na mwendeshaji amechukua sekunde moja kutambua hatari, pikipiki ya kilomita 50 kwa saa husimama baada ya kama mita 33. Ya kilomita 70 husimama baada ya kama mita 57. Tofauti hiyo ya mita 24 ndiyo nafasi alipo mtoto anayevuka barabara, mbuzi aliyetoka kichakani, au lori lililosimama bila taa. Kwenye murram yenye kokoto, umbali huo huongezeka zaidi.

Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui, iliyokuwa ya vumbi kwa miaka mingi, sasa ina lami. Safari zimekuwa rahisi, na biashara kati ya kaunti hizi mbili imepata njia nzuri. Lakini vumbi na mashimo ndivyo vilivyokuwa vikizuia mwendo. Vilipoondoka, kilichobaki kuzuia mwendo ni mkono wa mwendeshaji. Mabadiliko kama hayo hutokea kila barabara ya kijiji inapowekwa lami.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zimekuwa zikiwaweka waendeshaji pikipiki na abiria wao miongoni mwa makundi yanayopoteza watu wengi zaidi barabarani, pamoja na watu wanaotembea kwa miguu. Wengi wao ni vijana wanaotegemewa na familia.

Mwendo huo unaokoa muda gani? Kwa safari ya kilomita 8, mtu anayekwenda 50 kwa saa hutumia chini ya dakika 10. Anayekwenda 70 hutumia karibu dakika 7. Ameokoa dakika zisizofika 3, kisha anarudi steji kungoja foleni. Kwa waendeshaji wengi, saa nyingi za siku hupotea wakingoja abiria, na injini kubwa haipunguzi saa hizo.

Hesabu ya mfukoni

Injini kubwa hunywa mafuta zaidi. Kiasi hutegemea aina ya pikipiki, matunzo yake na anayeiendesha, kwa hivyo kila mwendeshaji anafaa kupima yake mwenyewe: ajaze tangi, aandike kilomita, aendeshe siku mbili, kisha ajaze tena na kugawanya kilomita kwa lita zilizoingia.

Mfano huu unaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Tuseme pikipiki moja inakwenda kilomita 55 kwa lita na nyingine kilomita 45. Zote mbili hufanya kilomita 120 kwa siku, na petroli ni shilingi 180 kwa lita. Ya kwanza itatumia shilingi 393 kwa siku, ya pili shilingi 480. Tofauti ni shilingi 87. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni zaidi ya shilingi 2,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni karibu shilingi 27,000. Hiyo ni karo, au ni bima na matairi mapya, au ni sehemu kubwa ya mkopo.

Juu ya hapo kuna bei ya kununua. Mwenye kununua kwa mkopo hulipa riba hata kwa zile cc asizozitumia. Kabla ya kutia sahihi, mnunuzi aulize jumla ya pesa atakazokuwa amelipa hadi siku ya mwisho, si malipo ya kila siku peke yake. Tofauti ya shilingi 50 kwa siku kati ya pikipiki mbili huonekana ndogo. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya shilingi 18,000.

Nani anafaa kuchukua ipi

Kwa abiria mmoja na mizigo midogo, katika miji kama Wote, Kitui, Mwingi na Emali na maeneo tambarare ya Kibwezi na Ikutha, cc 100 hadi 125 inatosha.

Kwa anayepanda Mbooni, Kilungu au vilima vya Mutitu mara nyingi kwa siku, au anayebeba mitungi na magunia kila siku, cc 125 hadi 150 ina maana, kwa sababu injini haitafanya kazi ikiwa imebanwa muda wote.

Kwa safari ndefu za vumbi, cc 125 au 150 humpunguzia mwendeshaji uchovu. Lakini matairi, springi za nyuma na taa nzuri humfaa zaidi.

Wengine husema kwamba kwenye barabara kuu ya Mombasa pikipiki ndogo ni hatari kwa sababu malori huipita kwa kasi. Ni kweli kwamba pikipiki inayokokota katikati ya njia iko hatarini. Lakini hata ya cc 150 haiwezi kushindana na basi la usiku, na anayejaribu huishia kukimbia kwa mwendo ambao breki zake haziuwezi. Kwa safari fupi kati ya Emali, Makindu na Kibwezi, njia salama ni kukaa kushoto, kuwasha taa hata mchana, na kutumia barabara za ndani zinapopatikana.

Kwa pikipiki za umeme, ambazo zimeanza kuonekana nchini, hakuna cc kabisa. Nguvu zake hupimwa kwa kilowati, na kilowati moja ni kama nguvu za farasi 1.3. Mnunuzi atazame pia umbali zinaokwenda kwa chaji moja na mahali pa kuchajia.

Uzito na sheria havibadiliki

Watu wengi hununua injini kubwa ili wabebe abiria wawili au watatu. Injini itawavuta, lakini fremu, rimu, matairi na breki hazikutengenezwa kwa uzito huo. Kila pikipiki ina uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa katika kitabu chake, na mwendeshaji mwenyewe huhesabiwa ndani ya uzito wa mzigo. Mtu wa kilo 80 anayebeba mitungi sita tayari amefikisha kilo 200.

Sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, iwe ya cc 100 au 200. Mwendeshaji na abiria wanatakiwa kuvaa helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki zisizozidi cc 50, na A2 ni ya zinazozidi hapo. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji daraja A3. Kwenye miji na masoko mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, ambao pikipiki yoyote ya bodaboda huufikia bila shida.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anafaa kufanya mambo machache akiwa bado na pesa mkononi. Aandike safari zake za wiki moja: mbali kiasi gani, milima mingapi, mizigo ya kilo ngapi. Aombe kuijaribu pikipiki kwenye mlima anaoufahamu, akiwa na abiria, badala ya kuizungusha mbele ya duka. Abonyeze breki zote mbili na atazame pikipiki inasimama vipi. Aulize kama vipuri vyake vinapatikana katika soko la karibu, na kama fundi wa hapo anaijua injini hiyo. Aulize bei ya sproketi, mnyororo, matairi na padi za breki.

Aliye na pikipiki tayari aanze na matunzo. Kichungi cha hewa kilichojaa vumbi la murram, plagi chafu, matairi yenye upepo mdogo na breki zinazokwaruza magurudumu huiba nguvu kila siku. Waendeshaji wengi hugundua kwamba baada ya kusafishwa na kurekebishwa vizuri, pikipiki waliyotaka kuiuza hupanda tena mlima uliokuwa umeishinda.

Abiria naye ana sehemu yake. Steji hununua kile ambacho abiria wanakipenda. Abiria akiacha kuuliza ni pikipiki gani yenye mbio, akaanza kuuliza kama kuna helmeti ya pili na kama breki zinashika, waendeshaji wataanza kushindania mambo hayo.